Ukanda wa Toledo: nani alimwambia mpimaji aelekee wapi?

Hati nyingi za mashamba ya kaskazini kabisa mwa Ohio, zile za kaunti za Lucas, Fulton na Williams, zina kichekesho ndani yake. Jimbo limeandikwa Ohio, kaunti ni ya Ohio, kodi inalipwa Ohio. Ukifika kwenye maelezo ya kitalu chenyewe, hesabu inaanzia kwenye Meridiani ya Michigan, yaani mstari wa msingi wa upimaji wa jimbo jirani. Mwenye shamba huenda asijali. Lakini aliyezoea kusoma ramani za upimaji atajiuliza hapohapo: huyu aliyepima alidhani yuko wapi?

Alidhani yuko Michigan, na alikuwa na kila sababu. Vitalu vile vilikatwa na wapimaji wa serikali kuu, wakati Michigan ndiyo iliyotawala hapo, kwa kufuata mpaka uliopimwa kwa amri ya serikali kuu. Balaa ni kwamba kilomita chache kaskazini yake kulikuwa na mpaka mwingine, nao pia umepimwa kwa amri ya ofisa wa serikali kuu hiyohiyo. Ohio ikaushika huu, Michigan ikaushika ule, na katikati pakabaki ukanda wa maili za mraba 468, takriban kilomita za mraba 1,200, wenye wenyewe wawili kwa karibu miaka 20.

Wamarekani wanakiita kisa hiki Vita vya Toledo, kwa jina la mji wa bandari uliokuwa ndani ya ukanda, na hukisimulia kwa kucheka, kwa sababu hakuna aliyekufa na damu iliyomwagika ilitoka kwenye jeraha moja la kisu kidogo cha mfukoni. Mimi sikioni kuwa kichekesho. Kila mara nikikisoma naona kesi safi ya swali ambalo sheria za mwanzo za Marekani hazikulijibu: kati ya Kongresi, jimbo na ofisi ya upimaji, nani mwenye mamlaka ya kumwandikia mpimaji maelekezo?

Ramani iliyolipandisha ziwa

Mwezi Julai 1787, Kongresi ikikaa New York, ilipitishwa Sheria ya Kaskazini-Magharibi kwa ajili ya nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Ohio. Ibara ya 5 ilisema humo yatazaliwa majimbo yasiyopungua matatu wala kuzidi matano. Kongresi ikiona inafaa, ingeweza kuunda jimbo moja au mawili upande wa kaskazini wa mstari unaokwenda mashariki na magharibi ukipita ncha ya kusini ya Ziwa Michigan. Ibara hizo ziliitwa mapatano yasiyobadilika milele, ila kwa ridhaa ya pande zote.

Hakuna hata mmoja kati ya waliopiga kura aliyekuwa amesimama kwenye ncha hiyo na chombo cha kupimia. Ramani iliyoheshimiwa zama zile ilikuwa ya John Mitchell, ya mwaka 1755, ileile iliyotumika Paris kuchora mipaka ya Marekani baada ya vita vya uhuru. Mitchell alikuwa ameiweka ncha ya Ziwa Michigan kaskazini mno. Kwa ramani yake, mstari wa mashariki ungetua kaskazini ya mdomo wa Mto Maumee, mto unaoingia Ziwa Erie, kwa umbali mkubwa, na bandari yote ya Maumee ingebaki upande wa kusini. Kwa ardhi jinsi ilivyo, mstari huohuo unashuka na kuuacha mdomo wa mto kaskazini.

Ohio ilipojiandaa kuwa jimbo, sheria ya Kongresi ya tarehe 30 Aprili 1802 iliurudia mstari uleule. Wajumbe wakakutana Chillicothe mwezi Novemba kuandika katiba. Inasimuliwa kwamba mwindaji mmoja wa wanyama wa manyoya aliwanong'oneza kuwa ziwa linashuka kusini kuliko ramani inavyoonyesha. Awe alikuwepo au asiwepo, wajumbe walishtuka, wakachomeka sharti: ikiwa mstari wa mashariki utagonga Ziwa Erie mashariki ya mdomo wa Maumee, basi, kwa ridhaa ya Kongresi, mpaka utoke ncha ya Ziwa Michigan moja kwa moja hadi rasi ya kaskazini kabisa ya Ghuba ya Maumee. Mstari uinamishwe kidogo, ghuba iingie ndani.

Mwenyekiti wa mkutano ule alikuwa Edward Tiffin, tabibu aliyezaliwa Uingereza, ambaye mwaka uliofuata akawa gavana wa kwanza wa Ohio. Jina hilo liweke akilini.

Kongresi iliipokea katiba, ikaifikia ibara ya mpaka, ikaipita. Kamati yake ilisema sharti lile linategemea jambo ambalo bado halijathibitishwa, tena halikuletwa kama ombi rasmi, kwa hiyo hapana haja ya kulishughulikia kwa sasa. Ohio ikaingia katika Muungano mwaka 1803 bila ndiyo wala hapana. Miaka miwili baadaye Kongresi hiyohiyo iliunda Teritori ya Michigan, eneo lisilo jimbo bado, linaloongozwa na gavana wa kuteuliwa na rais. Mpaka wake wa kusini ukaandikwa ni mstari ulionyooka mashariki kutoka ncha ya ziwa. Sharti la Chillicothe halikutajwa.

Kwa maoni yangu kosa lote la kisa hiki limelala hapo, katika ile "kwa sasa". Mwenye mamlaka aliulizwa swali la wazi, akajikuna kichwa, akaendelea na ajenda. Ohio ikaamini kwamba aliyenyamaza amekubali. Michigan, iliyozaliwa baada ya ukimya huo, ikasoma sheria yake ya kuundwa na kuona mpaka umeandikwa peupe.

Mwamba ngoma

Watu wa Michigan walianza kulalamika mapema, na tarehe 20 Mei 1812 Kongresi ikaagiza mpaka upimwe kwa mujibu wa sheria ya 1802. Chini ya mwezi mmoja baadaye Marekani ikatangaza vita na Uingereza, na mwezi Agosti Detroit ikatekwa. Upimaji ukasubiri hadi amani.

Kazi iliporudi mezani, Mpimaji Mkuu wa serikali kuu alikuwa Edward Tiffin yuleyule. Yeye aliyesimamia kuandikwa kwa sharti, akaongoza jimbo lililolihitaji, sasa ndiye aliyeajiriwa na Washington kuamua mnyororo uelekee wapi. Mwaka 1817 alimtuma mpimaji William Harris. Sheria ya Kongresi ilisema mstari wa 1802, lakini Harris alipima mstari wa katiba ya Ohio, kutoka ncha ya Ziwa Michigan hadi rasi ya kaskazini ya ghuba. Mwamba ngoma huvuta kwake.

Sina ushahidi kwamba Tiffin alikuwa mla rushwa, wala sidhani. Nadhani aliamini kwa dhati kwamba katiba iliyopokewa na Kongresi ilikuwa sheria kama sheria nyingine. Lakini tayari alikuwa na sifa ya kutoiona Michigan kwa jicho jema: wapimaji wake walipoikagua mwaka 1815 kutafuta mashamba ya kuwapa askari waliopigana, ripoti aliyoipeleka Washington iliifanya nchi ile ionekane vinamasi na mchanga mtupu usiostahili gharama ya kupimwa.

Tuangalie kidogo kazi yenyewe ilivyofanyika porini, maana bila hilo mtu atadhani mistari miwili ilitokana na uzembe. Mpimaji wa wakati ule alitumia mnyororo wa chuma wa Gunter, wenye urefu wa futi 66 na pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja. Mtu wa mbele huvuta mnyororo, wa nyuma hushika mwanzo wake, na kila unaponyooshwa kijiti cha kuhesabia kinachomekwa ardhini. Mpimaji anatangulia na dira, akirekebisha mchepuko wa sumaku kwa kuitazama nyota ya kaskazini usiku kukiwa hakuna mawingu. Nyuma yake watu wa mashoka wanachuna maganda ya miti iliyo njiani ili mstari uonekane, na penye kinamasi wote wanazama hadi mapajani, mnyororo ukining'inia hewani huku wakijitahidi usilegee. Kutoka Ziwa Michigan hadi Ziwa Erie ni karibu maili 200 za namna hiyo.

Harris aliifanya kazi hii vizuri kwa kadiri ya vyombo vyake. Gavana wa Michigan, Lewis Cass, hakugombana na mnyororo wake. Aligombana na maelekezo. Alilalamika Washington, na Rais James Monroe akaagiza upimwe mstari mwingine, huu ukifuata maneno ya Kongresi. Mwaka 1818 John Fulton akaingia porini, akanyoosha mashariki bila kuinamisha.

Sasa serikali kuu ilikuwa na mipaka miwili ya kitu kimoja, yote miwili halali machoni pa aliyeiagiza. Jiometria yake ni rahisi. Mistari inaanzia kwenye ncha moja ya Ziwa Michigan na kutanuka kama miguu ya bikari. Inapofika mpaka wa magharibi wa Ohio imeachana maili 5. Inapofika Ziwa Erie imeachana maili 8. Mguu wa kaskazini ni wa Harris, wa kusini ni wa Fulton. Mdomo wa Maumee uko katikati.

Ukishaielewa picha hiyo, unaona kwamba hakuna bikoni ambayo ingeumaliza ugomvi. Ungeweza kumleta mpimaji bora duniani, na Kongresi ilijaribu. Mwaka 1832 iliagiza vipimo vipya vya latitudo, kazi ikapewa kapteni wa jeshi Andrew Talcott, akisaidiwa mwaka 1835 na luteni kijana aitwaye Robert E. Lee, ambaye baadaye angejulikana kwa mambo mengine kabisa. Wahandisi hawa walitazama nyota, wakakokotoa, wakathibitisha kile ambacho kila mtu alikuwa anakijua tangu enzi za Fulton: mstari ulionyooka unapita kusini ya Maumee. Hawakuulizwa kama mstari ulionyooka ndio mpaka.

Bandari

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejali sana. Michigan iliutawala ukanda, ikakusanya kodi, ikaendesha uchaguzi na mahakama. Kisha mwaka 1825 Mfereji wa Erie ukafunguliwa New York, na ghafla nafaka ya bara ikawa na njia ya maji hadi Atlantiki. Ohio ikaanza kupanga mfereji wake kutoka Mto Ohio kwenda Ziwa Erie, na mahali pa kuutoa palikuwa Maumee. Jimbo gani litachimba mfereji kwa fedha zake lenyewe ili limalizie kwenye bandari ya jirani? Mwaka 1833 vijiji viwili vya kando ya mto viliungana vikaitwa Toledo. Mwaka huohuo Michigan iliomba kuandaliwa kuwa jimbo, Ohio ikazuia ombi hilo katika Kongresi hadi mpaka ukubaliwe.

Mamlaka ya Michigan yalikuwa mikononi mwa Stevens T. Mason, kaimu gavana mwenye umri wa miaka 23. Gavana wa Ohio, Robert Lucas, alikuwa na zaidi ya mara mbili ya umri huo na alikuwa amepigana vita vya 1812. Februari 1835 Mason alisaini sheria iliyomfanya mtu yeyote atakayetumia madaraka ya Ohio ndani ya ukanda kuwa mhalifu: faini hadi dola 1,000 au kazi ngumu hadi miaka 5. Siku chache baadaye Ohio ikapitisha sheria ya kuupima upya mstari wa Harris na kuweka alama.

Yaani Ohio, jimbo, iliamua kumtuma mpimaji wake mwenyewe kuweka upya alama za mstari wa serikali kuu, juu ya ardhi ambayo serikali kuu ilikuwa imeiweka chini ya utawala mwingine.

Jumapili, tarehe 26 Aprili, wapimaji hao walikuwa wamepumzika kambini kwenye shamba lililojulikana kama Phillips Corners. Kikosi cha raia kutoka kaunti ya Lenawee, kikiongozwa na msaidizi wa sherifu, kiliwazingira. Risasi zikalia. Watu wa Ohio waliripoti kwamba walishambuliwa wakiwa katika kazi halali. Watu wa Michigan walisema walifyatua hewani kuwatia woga waliokuwa wakikimbia. Watu 9 wakakamatwa na kupelekwa Tecumseh kufunguliwa mashtaka. Wengi waliachiwa au kuwekewa dhamana, mmoja akaikataa dhamana na kubaki ndani, ili isionekane kwamba Ohio imeyakubali mamlaka ya mahakama ile.

Kwa upande wa sheria, tukio hili la shambani lina uzito kuliko vishindo vyote vilivyofuata. Mtu alikamatwa kwa kosa la kupima. Si kwa wizi, si kwa uvamizi wa shamba la mtu: kwa kuweka alama za mpaka bila idhini ya mamlaka iliyojiona ndiyo yenye idhini.

Yaliyobaki ya mwaka ule nayapita haraka. Ohio ilitenga dola 300,000 kwa ajili ya mapambano, Michigan ikajibu kwa dola 315,000. Mwezi Julai naibu sherifu Joseph Wood alikwenda Toledo kumkamata mmoja wa wana wa Meja Stickney, mwanasiasa wa Toledo ambaye, wala sitanii, aliwapa wanawe majina ya Moja na Mbili. Mbili Stickney alimchoma kwa kisu kidogo na kukimbilia Ohio. Naibu sherifu akapona.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba ndio nisioweza kuupita. Ohio ilikuwa imetangaza kaunti mpya, ikaiita Lucas kwa jina la gavana wake, na kupanga kwamba siku hiyo mahakama ya kaunti itakaa Toledo. Mahakama ikikaa na kumbukumbu zikaandikwa, Ohio ingeweza kudai kwamba tayari inatawala pale. Mamia ya wanamgambo wa Michigan walikuwa karibu. Sheria ilisema tarehe 7, haikusema saa ngapi. Basi majaji wakaingia mjini gizani na walinzi wachache, wakafungua kikao katika shule kabla alfajiri haijafika, wakateua maofisa wawili watatu, karani akaandika kwenye vipande vya karatasi kwa mwanga wa mshumaa na kuvitia ndani ya kofia yake ndefu, kikao kikafungwa. Walipokuwa wakijipongeza kwenye baa, mtu akapiga kelele kwamba Michigan wanakuja. Wote wakatimua mbio, na katika mbio hizo kofia ya karani ikadondoka na mamlaka yote ya Ohio ndani yake. Wakarudi kuitafuta. Kumbukumbu zikapatikana.

Washington ilisema nini

Andrew Jackson, rais wa wakati huo, alimwuliza Mwanasheria Mkuu wake, Benjamin Butler. Jibu lilikuwa wazi: hadi Kongresi iamue vinginevyo, ukanda ni sehemu ya Teritori ya Michigan, na sheria ya Ohio ya kuutawala inapingana na sheria ya Kongresi. Lakini rais hana uwezo wa kuizuia Ohio kwa sababu ya kutunga sheria tu. Anachoweza ni kumwondoa gavana wa teritori, kwa kuwa yeye ndiye aliyemteua.

Sasa pima hoja zenyewe. Michigan ilikuwa na mapatano ya 1787 yaliyosema hayabadiliki bila ridhaa, na sheria ya 1805 iliyotaja mpaka wake bila mafumbo. Ohio ilikuwa na katiba iliyopokewa na Kongresi, na mfano mzuri wa majirani: Indiana iliingia Muungano mwaka 1816 mpaka wake ukisogezwa maili 10 kaskazini ya ncha ya ziwa, na Illinois mwaka 1818 ikapandishwa hadi latitudo ya nyuzi 42 na dakika 30, ndiyo maana Chicago iko Illinois leo. Kama mstari wa 1787 ni mtakatifu, kwa nini Kongresi iliuruka mara mbili? Hoja hii ina nguvu. Udhaifu wake ni kwamba mara zote mbili aliyeruka ni Kongresi yenyewe, kwa sheria iliyoandikwa. Kwa Ohio haikuwahi kuandika kitu.

Kwa sheria tupu, basi, naipa Michigan ushindi. John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekuwa mbunge wakati huo, alifikia hapohapo: alisema hajapata kuona ugomvi ambao haki yote iko upande mmoja na nguvu yote iko upande wa pili.

Ushindi huo ungetangazwa wapi, lakini? Mahakama ya Juu ya Marekani husikiliza moja kwa moja kesi kati ya majimbo. Michigan haikuwa jimbo, kwa hiyo haikuwa na mlango. Hata kwa majimbo yenyewe, mamlaka ya mahakama hiyo juu ya mipaka yao hayakuthibitishwa hadi kesi ya Rhode Island na Massachusetts mwaka 1838. Katika Kongresi, Michigan ilikuwa na mjumbe mmoja asiyepiga kura. Ohio ilikuwa na wabunge 19 na maseneta 2, na uchaguzi wa rais wa 1836 ulikuwa unakuja, ambapo Ohio ingetoa kura 21 za wateule. Indiana na Illinois, zilizokuwa na mipaka yao ya kutetea dhidi ya mstari wa 1787, ziliongeza 14. Michigan ilikuwa na sifuri.

Jackson alituma wapatanishi wawili, Richard Rush na Benjamin Howard. Pendekezo lao: Ohio iachwe ipime mstari wake bila bughudha, na wakazi wa ukanda wachague wenyewe wamtii nani mpaka Kongresi iamue. Serikali yenye mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ile iliwaambia wakulima kila mmoja ajichagulie sherifu. Lucas akakubali upesi. Mason akakataa, akaendelea kukamata watu, na tarehe 29 Agosti 1835 Jackson akamfukuza kazi. Wananchi wa Michigan wakamchagua tena kwa kura zao mwezi Oktoba, pamoja na katiba ya jimbo ambalo Washington ilikuwa haijalitambua.

Uamuzi ulikuja tarehe 15 Juni 1836 kwa sheria ya Kongresi: mstari wa Harris ndio mpaka, Michigan itakubaliwa kuwa jimbo ikiuridhia, na kama fidia itapewa sehemu kubwa ya Rasi ya Juu, nchi ya misitu na baridi kando ya Ziwa Superior ambayo haikuwa imeiomba. Mkutano wa Ann Arbor wa mwezi Septemba ulikataa. Lakini hazina ya Michigan ilikuwa tupu, na serikali kuu ilikuwa karibu kuyagawia majimbo ziada yake ya fedha. Isiyo jimbo haipati. Tarehe 14 Desemba mkutano mwingine, ambao uhalali wake ulitiliwa shaka hata na waliouhudhuria, ulikutana Ann Arbor katika baridi kali na kukubali. Kongresi haikuuliza sana. Januari 26, 1837, Michigan ikawa jimbo la 26.

Ridhaa ile ya pande zote iliyotajwa mwaka 1787 ilipatikana, ukipenda kuiita ridhaa.

Kuna upande wa tatu ambao sijautaja, kama ambavyo na wao hawakuutaja. Ardhi ya kaskazini ya Maumee ilikuwa ya Waodawa na majirani zao, na ilitoka mikononi mwao kwa mkataba wa Detroit wa mwaka 1807, yaani baada ya Ohio na Michigan kuandikiwa mipaka yao juu yake. Na sehemu ya magharibi ya Rasi ya Juu, ile fidia, Waojibwe walikuwa hawajaiachia hata kwa karatasi Kongresi ilipoitoa. Mkataba wao wa La Pointe ni wa 1842.

Fidia hiyo iligeuka. Mwaka 1841 mwanajiolojia wa jimbo, Douglass Houghton, aliripoti shaba kando ya Ziwa Superior. Tarehe 19 Septemba 1844 kikosi cha upimaji cha William Burt kilikuwa kikikata mstari karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Negaunee, na sindano ya dira ikaanza kuyumba, ikageuka upande usio wake. Burt hakutegemea sindano: alikuwa amebuni dira inayofuata jua, akaipatia hataza mwaka 1836, mwaka uleule wa uamuzi wa Toledo. Akawaambia watu wake watafute kinachovuta sindano. Wakarudi na mawe ya chuma. Migodi ya shaba na chuma ya rasi ile ilikuja kuifanya bandari ya Maumee ionekane kitu kidogo, ingawa sipendi kukisimulia kisa hiki kana kwamba Michigan ilidanganywa ikafaidi. Mwaka 1836 hakuna aliyejua.

Miti aliyoichuna Harris ilianguka na kuoza. Mwaka 1915 majimbo mawili yalishirikiana kuupima mpaka tena na kusimika nguzo za mawe, na magavana wao wakapeana mikono juu ya mstari. Mpaka wa nchi kavu ukatulia. Wa majini haukutulia: sheria ya 1836 ilisema kutoka kwenye rasi ya ghuba mstari uende kaskazini-mashariki, na majimbo yakabishana kama hayo ni maelezo ya jumla au nyuzi 45 kamili. Mwaka 1973, Michigan ikiwa jimbo kwa miaka 136 na sasa ikiwa na mlango wa mahakama, Mahakama ya Juu iliamua ni nyuzi 45, kama Ohio ilivyodai. Mstari huo unapita juu ya Kisiwa cha Turtle, kwenye mlango wa ghuba, penye gofu la mnara wa taa usiowaka tena. Kipande ni cha Ohio, kipande ni cha Michigan.